Kununua karabini ya No. 5 Mk I bila kuuziwa bunduki iliyokatwa

Bunduki ya Kiingereza iitwayo Rifle No. 5 Mk I, ambayo wengi wanaijua kwa jina la "Jungle Carbine", ilitengenezwa kwa muda mfupi, kuanzia 1944 hadi 1947, na viwanda viwili tu: kiwanda cha serikali cha Fazakerley, Liverpool, na kile cha BSA (Birmingham Small Arms) kilichokuwa Shirley, Birmingham. Zote pamoja ni kama 250,000. Mama yake, No. 4, ilitengenezwa kwa mamilioni. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1950 kampuni na mafundi wamekuwa wakikata No. 4, hata No. 1 ya zamani zaidi, wakizivisha faneli, ile koni ya chuma inayoficha mwali wa risasi, mdomoni na kuziuza kama karabini. Kukutana na bunduki fupi yenye faneli ni rahisi. Kujua kama uliyoishika ndiyo yenyewe ni kazi ya nusu saa, bisibisi moja na tochi.

Jambo moja la kuanzia: "Jungle Carbine" halikuwa jina rasmi la jeshi la Uingereza. Ukilikuta limegongwa kwenye chuma, hiyo ni bidhaa ya kibiashara. Golden State Arms ya California iliuza za aina hiyo chini ya jina la Santa Fe, na baadaye Gibbs Rifle Company ilitengeneza "No. 7 Jungle Carbine" kutokana na bunduki za Kihindi za risasi ya mm 7.62. Hizo ni bunduki halali na nyingine zinapiga vizuri, ila si No. 5 na hazistahili bei yake.

Kibali kabla ya kitu chochote

No. 5 inatumia risasi ya .303 ambayo bado inatengenezwa, kwa hiyo usitegemee msamaha unaopewa silaha za kale. Uingereza, .303 haimo kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati. Lazima uwe na cheti cha silaha. Marekani, msamaha wa silaha za kale unaishia kwa bunduki zilizotengenezwa kabla ya 1899, lakini No. 5 imeshapita miaka 50, hivyo inaingia kwenye kundi la silaha za makumbusho ambalo wakusanyaji wana leseni yake maalumu. Kwingineko, nenda ofisi ya leseni ukiwa na maswali yaliyoandikwa: naruhusiwa kumiliki bunduki ya bolti ya kijeshi? Risasi zinahitaji kibali chake? Sefu ya namna gani inatakiwa? Bunduki ikitoka nchi nyingine, nani anatoa kibali cha kuiingiza, na kibali cha kuitoa huko kinachukua muda gani?

Uliza pia habari ya urefu wa mtutu. Baadhi ya sheria zina kima cha chini, na si zote zinazohesabu faneli kuwa sehemu ya mtutu.

Usitoe malipo ya awali kabla kibali hakijatoka, isipokuwa muuzaji ameandika kwamba atayarudisha ukinyimwa. Na bunduki isiyo na namba, au yenye namba iliyosagwa, iache mezani hata ikiwa nzuri namna gani. Kuimiliki ni kosa karibu kila mahali, na hakuna karatasi itakayoisafisha baadaye.

Pale ambapo bunduki hai haziruhusiwi, kuna zilizolemazwa kisheria. Dai cheti cha kulemazwa chenye namba ile ile iliyo kwenye chuma, na ukumbuke kwamba zikishachomelewa, vipimo vingi vilivyo hapa chini haviwezekani. Utabaki na alama na mikato tu.

Mahali pa kuitafuta

Minada ya silaha ndiko zinakotoka nyingi, hasa mikusanyo ya watu waliofariki inapouzwa na familia. Huko kuna faida na hasara: bunduki haijachezewa miaka mingi, lakini anayeandika maelezo ya mnada mara nyingi hajui tofauti ya No. 4 iliyokatwa na No. 5. Soma masharti kabla ya kunyanyua mkono, kwa sababu nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, na ada hiyo peke yake inaweza kuzidi tofauti ya bei kati ya bunduki nzuri na ya wastani. Wauzaji wenye leseni ni ghali zaidi, ila wengi wanakubali kurudishiwa mali ndani ya siku chache. Vilabu vya wakusanyaji na vya kulenga shabaha ndivyo bora kuliko vyote kwa subira: mzee anayepunguza mkusanyo wake humuuzia mtu anayemjua, na mara nyingi na singe yake anatoa.

Picha za kudai kabla ya kusafiri

Omba hizi, kwa mwanga wa mchana, bila mwako wa kamera: bunduki nzima pande zote mbili, ukuta wa kushoto wa mwili, yaani kile chuma kinachobeba bolti (kipande kinachosukuma risasi ndani na kuufunga mtutu kwa nyuma), upande wa kushoto wa shingo ya chuma inayopokea kitako, ambako namba ya bunduki hukaa, nyuma ya mkono wa bolti, kilengeo cha nyuma kikiwa kimesimamishwa, faneli kutoka ubavuni na kutoka chini, na ya mwisho, sehemu ya mtutu inayoingia mwilini, mbao ya juu ikiwa imetolewa.

Picha hiyo ya mwisho ndiyo inayomaliza ubishi. Inahitaji kulegeza skrubu moja. Muuzaji akikataa, ama ni mvivu ama anajua kitakachoonekana. Kwa vyovyote vile, usisafiri.

Vifaa vya kubeba

Tochi ndogo au taa ya mtutu. Bisibisi bapa inayojaza mfuo wa skrubu (ikiwa nyembamba itautafuna, na utalipia). Futi ya kupimia. Lenzi ya kukuza mara 10. Ufito wa kusafishia wenye vitambaa vyeupe. Risasi bandia 5 za .303, na geji mbili za kupimia nafasi inayoachiwa ukingo wa risasi mbele ya bolti, moja ya inchi 0.064 na moja ya 0.074. Geji zinauzwa ghali kidogo kwa kitu unachokitumia mara moja, hivyo wengi huazima klabuni.

Mezani: anza na usalama

Mtutu uelekee pasipo na mtu. Toa magazini, fungua bolti, tazama na uingize kidole kwenye chumba cha risasi. Sasa toa bolti: simamisha kilengeo cha nyuma, vuta bolti nyuma huku ukibonyeza kikamatio kilicho upande wa kulia wa mwili, ukinyanyue kichwa cha bolti juu, kisha ivute yote itoke.

Hapo hapo umeshapata kipimo cha kwanza. No. 5 zina kikamatio hicho cha kubonyeza. Ikiwa hakuna, na badala yake reli ya kulia ina mkato ambapo kichwa cha bolti hutokea, basi mwili ni wa No. 4 Mk I*, uliotengenezwa Amerika ya Kaskazini na Savage au Long Branch. Viwanda hivyo havikutengeneza No. 5 hata moja. Maneno "U.S. PROPERTY" yanasema hilo hilo. Na ukikuta kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu badala ya nyuma ya mwili, hiyo ni No. 1, funga mkoba.

Alama

Kwenye ukuta wa kushoto, za Fazakerley zimeandikwa kwa kalamu ya umeme: No 5 Mk I, kisha ROF (F), yaani kiwanda hicho cha serikali, mara nyingi na mwezi na mwaka. Za BSA zina msimbo M47C na mwaka. Maandishi ya kalamu ya umeme ni membamba, yanatetemeka kidogo, na kwenye bunduki iliyopakwa rangi upya huenda yakawa yamefifia hadi uyasake kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Ni rahisi pia kuyaghushi, maana kalamu hiyo inauzwa popote. Kwa hiyo usiangalie herufi tu, angalia uso wa chuma ulio chini yake. Laza ukingo wa rula juu ya ukuta: maandishi ya No. 4 yakisagwa ili yaandikwe mengine, huacha bonde dogo, na mwanga unapita chini ya rula.

Linganisha namba ya kwenye shingo na ile iliyo nyuma ya mkono wa bolti. Zikilingana, vizuri sana. Zikitofautiana, bunduki bado inaweza kuwa halisi, kwa kuwa bolti zilibadilishwa sana kwenye maghala ya jeshi, ila bei ishuke na kipimo cha geji kiwe lazima. Namba ya zamani iliyokatwa mstari na mpya kugongwa pembeni ni kazi ya ghala, haina hila. Herufi FTR zenye mwaka maana yake bunduki ilirudi kiwandani kufanyiwa matengenezo kamili. Ukiona pia rangi nyeusi nzito iliyopakwa juu ya chuma, usidhani ni fundi wa mtaani, kiwanda chenyewe kiliipaka.

Alama nyingine utakazokutana nazo ni za upimaji wa kiraia. Maandishi kama ".303 2.222" 18.5 TONS" kwenye mtutu yaligongwa Birmingham bunduki ilipotoka jeshini kwenda sokoni: urefu wa ganda kwa inchi na shinikizo lililopimwa. Hayapunguzi kitu. Jina la mwagizaji lililochongwa kwa herufi kubwa ubavuni ndilo linalowaudhi wakusanyaji, na una haki ya kulitaja unapojadili bei.

Mikato ya kupunguza uzito

No. 4 ina uzito wa kama kilo 4.1 na urefu wa mm 1128. No. 5 ni kilo 3.2 na mm 1003. Kilo hiyo karibu nzima haikutoka kwa kufupisha mtutu peke yake. Waliuchonga mwili mzima. Anayeghushi hufupisha tu, ndiyo maana hapa ndipo anaponaswa.

Legeza skrubu ya pete inayoshika mbao, sogeza pete mbele, nyanyua mbao ya juu. Pale mtutu unaponenepa kabla ya kuingia mwilini, mtutu wa No. 5 umechongwa mashavu, chuma kimeondolewa kiwandani kwa mashine, na mikato ina kingo safi zenye rangi ile ile ya mtutu. Mtutu wa No. 4 uliokatwa ni mnene na wa mviringo mahali hapo, hauna kitu. Ukikuta mikato lakini chuma chake kinang'aa tofauti, au michirizo ya tupa inaonekana kwa lenzi, mtu amejifunza kuighushi.

Ukuta wa kushoto nao umechongwa ukawa mwembamba kuliko wa No. 4, na chuma kinachozunguka trigga kimepunguzwa. Kirungu cha mkono wa bolti kimetobolewa kikawa na shimo. Watu wengi huanza na shimo hilo kwa sababu linaonekana upesi, na ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote: mashine ya kutoboa na dakika tano zinatosha. Kinyume chake pia, No. 5 halisi inaweza kuwa na bolti ya No. 4 yenye kirungu kizima, kwa maana zinaingiliana.

Mdomo na singe

Faneli halisi ni kipande kimoja na kitalu cha kilengeo cha mbele pamoja na masikio yanayokilinda, na chini yake kuna jino la kushikia singe. Imefungwa kwenye mtutu kwa pini zinazopita upande hadi upande. Ukiona skrubu ndogo ya kukazia, uchomeleaji, au lehemu iliyotiririka, umeshajibiwa. Shika faneli ujaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, bunduki haitalenga.

Singe ya No. 5 ina ubapa wa inchi 8 na pete kubwa inayovaa juu ya faneli. Ukiweza, nenda nayo au mwombe muuzaji aijaribishe: pete ipite bila kusukumwa kwa nguvu, na jino lishike kwa mlio. Faneli nyingi za kuigwa zina kipenyo kisicho sahihi, na singe ama inakwama ama inayumba. Watengenezaji wa singe hizi ni pamoja na Wilkinson, Poole (msimbo N187) na Viners (msimbo N294), na nazo zinaghushiwa, maana singe nzuri inaweza kuuzwa kwa sehemu kubwa ya bei ya bunduki.

Kilengeo cha nyuma

Kipimo cha No. 5 kinaishia yadi 800. Cha No. 4 kinafika 1300. Ni skrubu na pini tu vinavyokishikilia, hivyo kilengeo kisicho sahihi hakiiui bunduki, lakini kinakuonya uendelee kuangalia kwa makini.

Mbao

Mbao ya mbele ni fupi, na ncha yake ama ni mbao tupu iliyoviringwa, ama ina kofia ya chuma; zote mbili ni za kiwandani, ya kwanza ni ya awali. Tafuta mbao ya No. 4 iliyokatwa: mfuo wa ndani wa mtutu utakuwa na matundu au nafasi zilizozibwa ambazo hazina kazi. Ufa hupenda kuanzia nyuma ya mbao ya mbele, pale inapoegemea chuma cha shingo. Chuma hapo hupokea msukumo wote wa risasi, na mbao iliyolowa mafuta kwa miaka hulegea kama mkate uliotiwa chai.

Kitakoni kuna mpira mwembamba. Sasa umekuwa mgumu kama jiwe, umepasuka, pengine umepungua. Uache hivyo. Mpira wa asili uliokauka una thamani kuliko mpya laini. Ukitaka kupiga, nunua wa kuigwa na uuhifadhi huu kwenye mfuko.

Ndani ya mtutu

Risasi nyingi za kijeshi za .303 za enzi hizo zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi mtutuni. Chumvi huvuta unyevu, na mafuta hayaiondoi. Ndiyo sababu bunduki inayong'aa nje inaweza kuwa na mtutu uliojaa vishimo. Pitisha kitambaa cheupe kwanza, maana muuzaji mwenye akili huacha grisi ndani. Kisha angalia kutoka nyuma, mwanga ukiwa mbele. Mistari iliyofifia karibu na chumba ni joto la baruti ya kodaiti. Iliyofifia mdomoni ni ufito wa kusafishia ulioingizwa kwa mbele. Kwenye No. 5 kosa hili la pili hujificha ndani ya faneli, kwa hiyo mulika ndani ya faneli kutoka mbele pia, na uchunguze kutu pale chuma cha faneli kinapokutana na mtutu. Mtutu mweusi wenye mistari mikali bado unaweza kupiga sawasawa. Usiupe mtutu halisi wa No. 5 mkono wa buriani kwa sababu ya weusi. Wa kubadilisha haupatikani kirahisi.

Geji

Weka bolti bila nguvu, vidole viwili tu. Ifunge juu ya geji ya 0.064: lazima ijifunge. Juu ya ya 0.074: lazima ikatae. Ikijifunga juu ya 0.074, nafasi ni kubwa kupita kiasi, na ganda la risasi linaweza kukatika katikati likipigwa. Kichwa cha bolti kina namba, 0 hadi 3, na kubwa zaidi hujaza nafasi zaidi. Kama kilichopo ni 0 au 1, fundi anaweza kukirekebisha kwa kubadilisha kichwa. Kama kilichopo ni 3 na bado geji inapita, uchakavu uko kwenye bolti au mwili, na bunduki hiyo ni ya ukutani.

Mwisho pitisha risasi bandia 5 kutoka magazini. Ukingo wa .303 hukwama kama ukingo wa risasi ya juu umekaa nyuma ya ule wa chini yake. Zipange vizuri kabla ya kuilaumu magazini.

Bei na karatasi

Panga kasoro kwa mpangilio huu unapojadili: mtutu mbovu, kisha namba zisizolingana, kisha mbao iliyobadilishwa, kisha kung'arishwa upya. Chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa kama kioo kinapoteza kingo za mikato, na hiyo hairudi. Za 1944 ni chache, unaweza kuongeza kidogo kwa ajili yake, ila tu kama maandishi yamepita mtihani wa rula.

Risiti iandikwe aina, namba, kipenyo cha risasi, na maneno "Rifle No. 5 Mk I, asili". Neno hilo la mwisho ndilo litakalokusaidia ukidai fedha zako. Linganisha namba ya kwenye risiti, kibali na chuma ukiwa bado mezani. Tarakimu moja iliyokosewa kwenye kibali inaweza kukuchukulia wiki kadhaa kuirekebisha.

Ukishafika nayo

Piga picha alama zote kabla ya kusafisha chochote. Mtutu uoshe kwa maji ya moto, ukaushe, kisha mafuta mepesi. Mbao ipake mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, isipigwe msasa kamwe: mihuri midogo ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao huisha kwa msasa mmoja.

Ukienda nayo uwanjani, usishangae risasi zikihama kutoka mahali ulipozizoesha. Jeshi la Uingereza lenyewe lilitaja kuhamahama huko kwa shabaha kuwa sababu ya kuacha kuitengeneza, ingawa wapiga shabaha wengi wanabisha hadi leo. Kabla ya kulaumu chuma, kaza skrubu ya mbele ya kinga ya trigga na uangalie kama mbao ya mbele haijalegea kwa nyuma, pale inapoegemea chuma cha shingo.